Mjomba Anayenong'ona

Kakese, 17 Novemba 2024

Kwako Bernadetha, kitinda mimba wa mama yetu na msumbufu wa kwanza wa ukoo,

Mwangaluka, mayu. Nakuamkia kwa Kisukuma kama mama, usije ukadai nimekudharau. Salamu sizihesabu, zigawe mwenyewe: shemeji mpe kubwa, mpwa wangu Kija mpe kubwa kuliko hiyo, zitakazobaki wape mbuzi. Sisi tuzima. Wifi yako Specioza mzima, mdomo wake mzima zaidi. Mvua imeonja tu ikaondoka, kama mgeni aliyeambiwa ugali bado. Yule ng'ombe wangu mwenye pembe moja amezaa jike. Nimempa jina lako kwa sababu naye analia kabla hajaguswa.

Sasa lenyewe. Najua ulipanda kile kilima chenu cha mtandao ukanipigia, ukasikia mtu anahema, ukakata. Specioza kaniambia ulimwambia simu yangu imeibiwa na mwizi mwenye pumu. Hakuwa mwizi, nilikuwa mimi. Sauti haipo. Mwezi wa tisa walinitoa kijinyama kooni, hospitali huko mjini. Chenyewe hakikuwa kibaya, walikipima, usianze kulia. Ila kilipotoka kiliondoka na sauti. Nikifungua mdomo unatoka upepo kama tairi la baiskeli. Nikiwaita ng'ombe wananitazama kama mtu wa sensa. Daktari mwenyewe kijana, ndevu bado zinajadiliana kama zitoke au zisubiri, kaniambia ninyamaze kwanza. Mimi Malale, ninyamaze. Specioza alimpa mkono akamshukuru.

Ndiyo maana naandika. Meseji za simu siziwezi, vile vibonyezo waliviumba kwa vidole vya panya. Kalamu tulifundishwa, na darasa la nne langu linanitosha, usinirudishie karatasi yenye wino mwekundu. Gari la Anuari, yule wa duka la mabati, huwa linaleta mzigo huko Sibwesa, litabeba.

Sikia jambo lililonikalisha kwenye karatasi. Nina jirani anaitwa Gervais. Alizaliwa Burundi, akakulia makazi ya wakimbizi ya Katumba, leo ni Mtanzania kama mimi na shamba lake limepakana na langu. Juzi nilipita kwake nikamkuta amelaza mapajani kitu kama hori dogo la kulishia ndama, limechongwa kwenye gogo, juu yake nyuzi. Anasema ni inanga. Anazigusa zile nyuzi huku ananong'ona. Ananong'ona tu, mayu, kama mtu anayemsema jirani. Lakini mimi nikasikia anaimba. Nikamtazama koo, haliimbi. Nikainama mpaka karibu nimbusu, mdomoni hakuna sauti, ni pumzi na maneno. Wimbo wenyewe uko kwenye nyuzi. Na bado sikio langu likawa linaapa kwamba mzee anaimba. Nimekuwa manju wa ngoma tangu sijaota ndevu, nimeimbisha watu uwanja mzima, jambo kama hilo sijaliona. Nikamwomba anifundishe. Akacheka mpaka akaweka inanga chini.

Harusi ya Kija imefika wapi? Usisahau nyumbani kwetu binti hatoki kimya. Mjomba anasimama uani anamwimbia wimbo wake wa kumtoa, mpaka ng'ambo ya mbuga wajue nani anaondoka. Dada zake wote nimewatoa mimi. Amebaki huyu. Msimpe mtu kazi yangu, nitakuwa tayari.

Kaka yako mwenye upepo,
Malale


Sibwesa, 8 Desemba 2024

Kaka Malale,

Shikamoo. Barua imefika ikinuka dizeli, nimeisoma mara ya kwanza kwa kucheka na mara ya pili kwa kukasirika. Hapa hatujambo. Shemeji yako mgongo unamsumbua lakini ameshapanda mahindi, na karanga tunazimalizia wiki hii. Nimesikia habari za ng'ombe wako. Sisi tuna mbwa mpya, bado tunamtafutia jina, na silazimiki kutafuta mbali.

Unakatwa koo tangu mwezi wa tisa, mimi naambiwa mwezi wa kumi na moja, tena katikati ya habari za ndama. Hivyo ndivyo tulivyolelewa? Nijibu kitu kimoja tu, usinizungushe. Daktari alisema unyamaze mpaka lini?

Harusi ni mwezi wa saba, tukishavuna. Wakwe ni watu wa Mwese, wapole, wanaongea polepole mpaka unataka kuwasukuma. Mambo ya ng'ombe yamekwisha. Kija anakuamkia. Nilimsomea ile habari ya hori linaloimba, akaacha kuosha vyombo. Anauliza nyuzi zake ni za nini, na je, inachezeka? Maana harusi bila kucheza, anasema, ni kikao.

Mimi nauliza la daktari.

Ni mimi mdogo wako,
Bernadetha


Kakese, 5 Januari 2025

Mayu Bernadetha,

Mwaka huu mpya nimeukuta mlangoni nikaukaribisha, haukuwa na kitu mkononi. Specioza anasalimia. Amefuga bata, na bata wamefuga matope sebuleni. Mvua sasa imekubali. Katekista wetu anasema ni maombi yake, nami nikamwandikia kwenye kikaratasi nikimwuliza yale ya mwaka juzi yalipotelea wapi. Hajanijibu bado.

Mwambie Kija hivi. Uzi ni mmoja. Mmoja tu, mrefu, unakwenda na kurudi juu ya lile hori mpaka unaonekana ni nyuzi nane. Nilidhani Gervais ananitania, nikaufuata kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho kama mtu anayefuata mpaka wa shamba, kweli ni mmoja. Na ni mshipa wa ng'ombe, umenyooshwa, umekaushwa, umesokotwa. Hapo nikakaa chini. Sisi Wasukuma tumefuga ng'ombe hawa wote, tumekula nyama, tumelalia ngozi, tumeolea, tumewaswaga kutoka Maswa mpaka huku Katavi tukila vumbi lao, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ndani mlikuwa na muziki. Siku hizi nawapita zizini nawatazama kwa heshima kidogo.

Kujifunza, sasa. Nilidhani nitakaa, nitapiga, nitaondoka. Mkono uliofunga kamba za madume tangu utoto nikaupeleka pale, Gervais akaushika akaugeuza akautazama kama anayenunua jembe kuukuu. Akasema tutajaribu. Siku ya kwanza nikakata uzi. Siku nyingine nikakata tena. Anasema, Malale, huyu hajakukosea kitu, mbona unamchapa? Ananifundisha mzunguko mmoja wa vidole, uleule, nikikosea ananirudisha mwanzo kama ndama aliyepita kwenye mahindi. Ncha za vidole zimechubuka, kushika ugali wa moto ni vita. Nina wajukuu wanaoendesha pikipiki, na mimi nafundishwa kutekenya gogo.

Kibaya zaidi ni kunong'ona. Ungedhani kwa koo langu hili ningekuwa wa kwanza darasani. Wapi. Mimi hata kunong'ona nanong'ona kwa kusukuma, kama niko mbele ya uwanja na watu wa nyuma hawanisikii. Gervais anainua kidole. Anasema maneno yasipande wala kushuka, yaachie nyuzi kazi hiyo. Wewe toa pumzi, nyuzi zitoe wimbo, na anayesikiliza ataviunganisha mwenyewe kichwani, atadhani umeimba. Nikamwuliza, kwa hiyo nusu ya kazi anafanya msikilizaji? Akasema ndiyo, ndiyo maana lazima akae karibu. Jambo hili nimelifikiri mpaka nikasahau kufunga zizi.

Kuchezeka haichezeki. Nimejaribu kumchezea Specioza, kaniambia nikae nitaanguka.

Haya, karatasi imekwisha.

Malale


Sibwesa, 2 Februari 2025

Kaka,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, gari la Anuari limekwama kwetu kwa ajili ya matope na leo wanalikwamua. Hatujambo. Mgongo wa shemeji yako umepungua. Makarius, mtoto wa baba mdogo, amehamia huku tangu mwezi uliopita, ana spika mbili kubwa na jenereta, anaitwa kwenye kila sherehe mpaka Karema. Anaimba vizuri siku hizi, ungeshangaa.

Kija amenunua uzi, anafuma vitambaa vya kwenda navyo. Anasema umweleze hizo nyuzi zinawekwaje sawa kila moja itoe mlio wake, kama ni uzi mmoja. Hata mimi nimelifikiria nikiwa napalilia.

Karatasi yako iliisha kabla hujafika kwa daktari. Nakutumia mbili nyeupe ndani ya hii.

Bernadetha


Kakese, 16 Machi 2025

Mayu,

Karatasi zako nyeupe zimefika zimekuwa kahawia, Anuari alizikalia au mto ulizipitia. Asante hata hivyo. Specioza mzima. Bata wanne wameliwa na kitu ambacho hatukukiona, ninamshuku katekista. Nasikia Makarius ana jenereta. Nakumbuka alikuwa mtoto wa kulia akiona jogoo.

Kija mwambie uzi unapita kwenye vitundu kila upande, ukiuvuta hapa na kuulegeza pale, kila mstari unasema kivyake. Kuuweka sawa kunamchukua Gervais muda wa kuchemsha maharage. Mimi kunanichukua muda wa kuyapanda.

Sasa kaa chini nikusimulie aibu niliyoipata, maana ukiisikia kwa wengine wataiongeza chumvi.

Mwezi uliopita lile kundi letu la kulima liliitwa shamba la katekista, kupalilia mahindi. Unajua zamani kazi yangu pale: nakaa mbele na ngoma, naimba, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, mstari mzima. Tangu nipoteze sauti nilikuwa naenda nabeba maji. Nabeba maji, Bernadetha. Siku hiyo nikasema hapana. Mzunguko wangu wa vidole nilikuwa naujua, maneno nilikuwa nimeyatunga kwa Kisukuma, nikabeba inanga ya Gervais mgongoni bila kumwambia ninakokwenda. Nikawaambia wapiga ngoma wapumzike. Nikakaa juu ya ndoo, mbele ya mstari kama manju, nikaanza.

Wale wawili walio karibu wakaacha kulima wakasimama kunisikiliza. Wa tatu akawauliza anasema nini, wakamnyamazisha, naye akaja. Ukatoka huku, ukaenda kule, mstari mzima ukakatika kama ushanga. Watu wakaniinamia, wengine wamechuchumaa juu ya mipini, na ukimya shambani mpaka nzi wanasikika. Mimi moyoni nikajua nimeshinda. Maisha yangu yote anayevuta watu ndiye mshindi. Nikasahau kwamba hapa watu waliitwa kwa ajili ya magugu.

Katekista akatokea na uji wa wapaliliaji. Akakuta jembe halipandi wala kushuka, kijiji kizima kimekaa kwenye mahindi yake. Akauliza kuna msiba? Akasogea, akainama na yeye, sikio hapa, ndoo ya uji mkononi. Akasikia jina lake. Nilikuwa nimemtungia ubeti kuhusu lile dume lake linalolala kila likifungwa plau, na kwamba dume na mwenye dume wamefundishwa na mwalimu mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, nakwambia kweli, hakukata. Kisha akasema kwa upole kwamba uji huo ni wa watu waliolima, akageuka nao nyumbani.

Waliobaki na njaa walinitazama. Lakini ulipofika wakati wa kurudi kwenye majembe, mtu mmoja akaniambia: "Malale, ule ubeti wa dume, rudia." Ngoma hazijawahi kufanyiwa hivyo. Ngoma inawatuma watu. Kitu hiki kinawakalisha. Nimekaa nacho tangu siku hiyo najiuliza nani anahitaji kukalishwa.

Gervais alinuna siku kadhaa, si kwa sababu ya kubeba bila ruhusa, ila kwamba nilimpelekea inanga kwenye jua la mchana, mbao zikapasuka kidogo pembeni. Tumeziba kwa nta.

Mjomba wa Kija anafanya mazoezi. Mwambie hivyo.

Malale


Sibwesa, 27 Aprili 2025

Kaka Malale,

Shikamoo. Watu wa hapa wote wameisikia habari ya uji, shemeji yako ameisimulia mpaka kanisani. Mahindi yamekomaa vizuri, karanga tunaanza kung'oa. Kija mzima, amekonda kidogo, ni mawazo ya bibi harusi.

Kaka, nimekuuliza la daktari mara tatu. Hukunijibu, nikampigia wifi. Usimgombeze, nilimbana. Kaniambia ile "ninyamaze kwanza" ilikuwa ya wiki ya kwanza tu, na kwamba uliporudi kwa daktari mwezi wa kumi alisema sauti hairudi.

Na mimi nina langu nisilolisema. Makarius nilimwomba tangu mwezi wa pili. Ndiye atakayemtoa Kija. Si mjomba wa tumbo moja lakini ni wa ukoo, na sauti yake inafika. Wakwe wanatoka mbali, majirani wamezoea wimbo unaosikika, uani kutakuwa na watu mia na zaidi. Ukinong'ona pale nani atakusikia? Watacheka, na mimi sitaweza kuvumilia watu wanakucheka. Wewe njoo. Tutakuwekea kiti cha mbele kabisa, cha kitambaa.

Usinikasirikie.

Bernadetha


Kakese, 18 Mei 2025

Bernadetha,

Sisi tuzima.

Daktari alisema hivyo. Sikuandika kwa sababu kila nilipoandika nilikuwa bado nasubiri asubuhi moja niamke ipo. Nilikuwa natoka nje mapema kabla Specioza hajaamka, namwita yule ng'ombe mwenye jina lako. Sasa sifanyi hivyo tena.

Makarius ataimba vizuri, sina neno naye. Kiti cha kitambaa mpe shemeji, mgongo wake unakihitaji.

Nina swali moja, na wewe ndiye unayependa majibu ya moja kwa moja. Anayetolewa ni Kija. Mmemwuliza?

Malale


Sibwesa, 15 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa sijamwuliza, na nilipomwuliza hakunijibu siku hiyohiyo. Alimaliza kwanza kitambaa alichokuwa anafuma. Kisha akauliza hilo hori lina urefu gani, kama linapita kwenye mlango wa chumba chake.

Nikamwambia uani ndiyo desturi. Akasema uani awe Makarius.

Harusi ni Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Njoo mapema. Sijui unachokuja kufanya na sijui kama nimekubali.

Bernadetha


Sibwesa, 3 Agosti 2025

Kaka Malale,

Shikamoo, na poleni na safari. Uliondoka alfajiri na gari la Anuari hata chai hukunywa, nikajua unanikimbia maswali. Shemeji yako anakusalimu. Kija alipiga simu kutoka Mwese, wamefika salama, nyumba yao inavuja sehemu moja tu. Vyombo vya watu nimesharudisha, isipokuwa sufuria moja isiyo na mwenyewe.

Nataka nikueleze ulichokuwa hukioni, maana ulikuwa umeinamisha kichwa.

Makarius alimaliza wimbo wake uani, watu wakashangilia, spika zikaendelea na muziki wa kawaida. Noah ya wakwe ilikuwa imeshawashwa. Binti hatoki. Shangazi wa bwana harusi, yule mnene mwenye miwani, akaingia kumharakisha. Hakurudi. Wakamtuma mwingine, naye akaingia, baada ya muda akachungulia mlangoni akamwita mwenzake kwa mkono. Nikaacha masufuria nikaja mwenyewe.

Ulikuwa umekaa juu ya sanduku lake, yeye chini kwenye mkeka. Kitenge alichojifunika alikivuta mbele mpaka kikakufunika na wewe. Wanawake wa Mwese wamewazunguka, wamechuchumaa na nguo zao za sherehe, yule wa miwani ameweka shavu karibu na bega lako kana kwamba mmekua pamoja. Mimi sikupata pa kupita. Nilisimama mlangoni kwenye chumba cha nyumba yangu, nikasikia nyuzi, nikasikia jenereta la Makarius, na nikasikia kaka yangu anaimba. Nilisikia, kaka. Ile sauti yako ya zamani. Najua haikuwepo, na niliisikia. Lakini maneno hayakunifikia hata moja.

Bwana harusi alikuja nyuma yangu akaniuliza kwa heshima kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, mjomba anaongea na mtu wake. Akazima gari.

Kija alipotoka uso ulikuwa umelowa na anacheka, vyote kwa pamoja. Nilimshika mkono dirishani mwa gari nikamwuliza: "Mjomba kakuambia nini?" Akanijibu: "Mama, hiyo ni ya kwangu." Gari likaondoka.

Nyimbo za dada zake zote nazijua. Wa kwanza ulimwimbia habari ya mtungi, wa pili ulimtania miguu yake, mpaka watoto wa majirani waliziimba wakichunga. Wa Kija sijui hata neno. Wale mashangazi wameondoka nalo Mwese, mimi mama yake sina. Makarius ananiuliza, majirani wananiuliza, nabaki naangalia juu.

Nilikosea kuhusu kiti. Niandikie, ulimwambia nini?

Bernadetha


Kakese, 24 Agosti 2025

Mayu Bernadetha,

Sisi tuzima, na sufuria ni ya Specioza, msiipikie ubwabwa inaungua. Yule wa miwani ametuma salamu kupitia kwa Anuari, anauliza kama ninaalikika kwenye ubatizo wa kwao. Specioza ameanza kunipigia pasi shati, sijui kama ni la kwendea au la kunizuia.

Nilipofika nyumbani nilikwenda kwa Gervais kumrudishia inanga yake. Akaniuliza ilikuwaje, nikamweleza. Akaniuliza kama kuna uzi uliokatika. Nikasema hakuna. Akasema basi ikae kwako kwanza, akaingia ndani. Ndiyo sherehe yote niliyofanyiwa.

Swali lako nimelipata. Usifikiri nakuficha. Jana nilichukua karatasi nikakuandikia ubeti wa kwanza kama ulivyokuwa. Nikausoma. Mayu, ni maneno matupu. Mtu yeyote aliyeshiba angeweza kuyasema. Nikaongeza wa pili, ukawa mbaya zaidi, kama tangazo la serikali ya kijiji. Nikamwuliza Gervais imekuwaje, kule walilia na hapa hata mimi nasinzia. Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini maji yanalowesha. Nimezichana zote mbili.

Kwa hiyo kwa barua haiji, na kwenye simu yako ya kilimani haitafika. Na Kija amesema ni ya kwake, mwenyewe umemsikia. Lakini wewe uliolewa wakati mimi nimepeleka ng'ombe Kahama kwa miguu, niliporudi nikakuta umeshaondoka, aliyekutoa ni mjomba wetu na alikuwa amelewa. Wako sijawahi kukuimbia. Nimeanza kuutunga. Una sehemu tatu, ya pili siyo ya heshima.

Njoo Anuari akileta mzigo, mvua hazijaanza. Uje peke yako, jenereta haliingii kwangu. Ukikaa, kaa upande wangu wa kulia. Mkono wa kushoto bado unakosea, na sitaki uuone kwa karibu.

Kaka yako,
Malale